Till iko ukutani lakini hawaitaki

SWALI: Habari mhariri, kuna duka la vipodozi hapa Nakuru, till, ile namba ya duka ya kulipia kwa M-Pesa, imebandikwa ukutani lakini ukitaka kulipa dada wa kaunta anakwambia hiyo haifanyi, tuma kwa namba ya bosi ama leta cash. Ni haki kweli?

JIBU: Dadangu hapo unasukumiwa gharama. Ukilipa kwa till ya M-Pesa mteja hukatwi kitu, mwenye duka ndiye hukatwa asilimia 0.55, yaani kwa 1,000 ni shilingi 5.50 tu, lakini ukitumia namba yake wewe ndo unakatwa 13, na meseji haionyeshi hata jina la duka, sasa ukirudisha losheni mbovu utaonyesha nini? Cash wanaweza kuitaka lakini waseme mapema, sio vitu vikishafungwa. Waambie wakupunguzie hiyo 13, na risiti usiondoke bila.