Tripu ngapi za kifusi? Pima kwanza, ndipo uagize

Kiwe kiwanja cha bondeni au cha mteremko kule Goba, Dar es Salaam, swali la kwanza la mwenye nyumba ni tripu ngapi za kifusi, yaani udongo wa kujazia kiwanja, zitatosha. Mara nyingi anajibiwa kwa kukadiria macho, halafu hela inaisha kabla shimo halijajaa.

Anza kwa kufyeka na kukwangua udongo wa juu wenye mizizi, sentimita 15 hivi, ndipo upime. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30, ukipima kabla ya kukwangua unakosa mita za ujazo 90. Hilo si deni dogo.

Piga kamba upate miraba ya mita 10 kwa 10. Itatoka miraba 6 yenye pointi 12. Kwa levo, yaani kifaa cha kupimia usawa, au hata kwa mpira mwembamba wa maji wanaoutumia mafundi, pima kila pointi iko chini kiasi gani ya usawa unaoutaka. Ardhi ikiwa na mashimo mashimo, miraba iwe ya mita 5.

Sasa usichukue wastani wa pointi zote. Pointi ya kona inagusa mraba 1, ya pembeni miraba 2, ya katikati miraba 4, kwa hiyo zidisha kina cha kila pointi kwa idadi hiyo. Tuseme kona nne zina jumla ya mita 1.2, pembeni sita mita 3.0, katikati mbili mita 1.6. Unapata 1.2 + 6.0 + 6.4 = 13.6. Zidisha kwa robo ya eneo la mraba, yaani 25: mita za ujazo 340. Wastani wa kawaida ungekupa 290 tu, kwa sababu kina kikubwa kiko katikati.

Hizo 340 ni za kifusi kilichokwisha shindiliwa, wakati kwenye lori kinakuja kikiwa kimelegea. Kipime chenyewe. Chimba shimo la sentimita 50 kwa 50, kina 40. Hizo ni lita 100. Lijaze kifusi hicho kilicholegea kwa matabaka membamba, ukishindilia kila tabaka mpaka kikaze, huku ukihesabu ndoo za lita 20. Zikiingia 6 na robo, kila mita 1 ya ujazo iliyoshindiliwa inahitaji mita 1.25 za kifusi cha kwenye lori: 340 × 1.25 = 425.

Bodi la tipa nalo lipime kwa tepu, kwa ndani, hadi kifusi kilipofika na si hadi ukingo. Likiwa mita 4.0 × 2.3 × 0.8, ni mita za ujazo 7.36; 425 ukigawanya kwa 7.36 unapata karibu 58, basi agiza tripu 58. Anayegawanya 290 kwa 7.36 ataagiza 40, na tripu 18 zitakazopungua atazitafuta mvua za masika zikiwa zimeanza na lori halipiti.

Kifusi kikishuka, tabaka lisizidi sentimita 20 kabla ya kushindilia. Likizidi, mashine inakaza juu tu, chini panabaki pamelegea, na sakafu itatitia. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukataliwe getini hata ukiletwa bure, kwani huvimba ukilowa na kunywea ukikauka.