Unaanza kuandika fanfiki? Mtafute mtu aliyesahauliwa kwenye hadithi

Mkuu, umeuliza mambo matatu: uanzie wapi kuandika fanfiki (yaani hadithi ya shabiki anayetumia wahusika wa kazi ya mtu mwingine), kama huo si wizi, na kama unaweza kuiuza kwa vipande kwenye kundi la WhatsApp. Umesema umemaliza tamthilia ya Kikorea, daktari kafa sehemu ya mwisho, umekereka, na sasa una mpango wa kuandika sehemu 40 ambamo daktari hafi. Nakujibu kwa niliyoyapitia mwenyewe, maana hilo shimo la sehemu 40 nimeshaliingia.

Nilianza kidato cha pili, bweni, bila kujua kwamba jambo lenyewe lina jina. Kilikuwa kitabu cha upelelezi kilichopita mikononi mwa bweni zima, jalada limeshikiliwa kwa plasta ya kidonda, na kurasa za mwisho zimechanwa na mtu mwenye shida zake chooni. Mpelelezi keshawakusanya watuhumiwa sebuleni, anafungua mdomo amtaje muuaji, basi, karatasi zimeishia hapo. Nilikaa siku mbili nimenuna. Ya tatu nikachukua kauntabuku ya jiografia, nikaigeuza nyuma mbele, nikaandika mwisho wangu. Bweni likasoma. Kaka mmoja wa kidato cha nne, aliyewahi kukisoma kizima huko kwao, akanirudishia daftari na kusema muuaji siye niliyemtaja. Nikamwomba anitajie. Akakataa. Mpaka leo simjui.

Miaka ilipopita nikapata intaneti, nikakuta dunia nzima inafanya kilekile. Nikafungua akaunti, nikajitosa na hadithi ndefu. Mhusika wangu mkuu alikuwa binti wa Tanga anayejua karate na lugha saba, na kila mwanamume akimwona anadondosha kikombe. Wahusika wa kazi ya asili, niliodai nawapenda, kazi yao ikawa kumsifia yeye. Baadaye ndipo nikajua ugonjwa huo una jina la kale: Mary Sue. Limetoka kwa Paula Smith, shabiki wa Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya safari za anga, ambaye mwaka 1973 aliandika kichekesho kifupi kuwakejeli waandishi wenzake waliojaza majarida ya mashabiki kwa mabinti wa namna hiyo. Kwa hiyo usione haya ukimkuta kwenye rasimu yako. Mwache akae wiki moja, kisha mpunguzie lugha sita.

Hadithi ile ilifia sura ya 14. Wewe na mimi tunaijua vizuri "itaendelea" ya kwenye kurasa za Facebook, ambako simulizi inakatwa mtu kashika kitasa cha mlango na haiendelei tena milele. Sehemu 40 ni ahadi, na mwanzoni huna msuli wa kuitimiza. Andika tukio moja. Maneno mia saba, elfu moja, lianze na kuisha.

Tukio lipi sasa? Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Kilichonitoa kwenye yule binti wa karate ni Fumo Liyongo, yule shujaa wa utenzi wa pwani tuliyemsoma shuleni. Amefungwa gerezani, mama yake anamletea chakula kwa mkono wa kijakazi, Saada. Siku moja kwenye kapu kuna mikate mizuri na mkate mmoja wa wishwa (makapi ya nafaka), na tupa, kile chuma cha kukerezea, imefichwa ndani yake. Walinzi wanakula ile mizuri, ule wa wishwa wanamrushia mfungwa. Usiku watu wanapiga gungu nje, Liyongo anakata pingu humo ndani, kelele za tupa zinamezwa na ngoma. Anatoka. Kuanzia hapo hadithi inamfuata yeye hadi sindano ya shaba kitovuni, hadi pale kisimani alipokufa amepiga goti na upinde mkononi, watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai.

Nimeisikia tangu mtoto. Siku moja nikiwa kwenye daladala likaniingia swali: asubuhi walipokuta pingu zimekatwa, walikwenda kumkamata nani? Si aliyeleta mkate? Utenzi hauna habari naye tena. Saada katumwa, kafika, kaishia.

Huo ndio mwanya. Kila kazi unayoipenda ina mwanya kama huo. Fanfiki nzuri nyingi nilizosoma zimeota kwenye nyufa za namna hiyo, kwa mtu aliyepita na sinia, au kwenye usiku ambao msimuliaji aliuruka kwa "kesho yake".

Rasimu yangu ya kwanza ilianza hivi: "Saada alikuwa msichana mrembo sana, mwenye macho kama gololi na moyo wa ujasiri." Unaona? Binti wa karate karudi kavaa kanga. Nikaifuta. Ya pili: "Mlinzi aliubonyeza mkate kwa kidole gumba. Saada akaangalia kidole, hakuangalia uso." Sikueleza kwamba anaogopa. Msomaji anajua ndani ya mkate mna nini, anaogopa mwenyewe. Hiyo ni faida ya fanfiki ambayo mwandishi wa hadithi mpya hana: wasomaji wako wanakuja tayari wanajua. Usiwasimulie upya wanachokijua, wabonyeze tu pale panapouma.

Sasa daktari wako. Kabla hujamfufua, jiulize ni nani kwenye tamthilia ile alibaki na funguo za ofisi yake, nani alipigiwa simu wa kwanza. Kumfufua inawezekana, mashabiki hufanya hivyo kila siku. Ila mtu akifufuka kwenye aya ya kwanza, aya ya pili utaandika nini?

Jambo dogo lakini limeshanitia aibu: kama uliitazama ile iliyotafsiriwa na DJ, itazame tena yenye maandishi chini. Niliwahi kuandika mhusika akirudia utani wake maarufu, mtu wa ng'ambo akaniuliza utani huo umetoka wapi. Ulikuwa wa DJ! Mwenyewe kauchomekea. (Ukifikiri vizuri, hao madijei ndio wanafanfiki wakubwa kuliko sisi sote.)

Kuhusu wizi. Kunakili aya za mwenzio ukaweka jina lako ni wizi, hilo halina mjadala. Kumchukua mhusika na kumtungia tukio jipya ni kitu kingine, ila mhusika bado ana mwenyewe. Kwa Tanzania na Kenya hakimiliki ya kitabu hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ben Mtobwa alifariki 2008, kwa hiyo Joram Kiango, mpelelezi wa riwaya zake, si mali ya umma leo wala kesho. Wenye kazi wengi humfumbia macho shabiki anayeandika kwa mapenzi, na macho hayo hufumbuka pale pesa inapoingia. Jibu la WhatsApp basi ni hapana, usiuze. Ukitaka kuuza, tunga wa kwako, au chukua hao wasio na mwenyewe: Liyongo, Abunuwasi, Sungura na Fisi. Hao uza hadi uchoke.

Mahali pa kuweka: mimi niko Archive of Our Own, tovuti ya fanfiki, wenyewe wanaiita AO3. Ilifunguliwa 2009, inaendeshwa na watu wa kujitolea kwa michango, haina matangazo, na biashara imekatazwa humo. Akaunti ni kwa mwaliko. Unaacha baruapepe, unasubiri zamu yako. Kwenye orodha ya lugha Kiswahili kimo. Lebo, yale maneno ya kumwambia msomaji ndani mna nini, ziweke kwa uaminifu. Kama kuna kifo au ukatili, sema mapema, maana msomaji aliyeingia akitaka mapenzi akakuta maiti hatakusamehe. Wattpad, mtandao mwingine wa hadithi, nako kuna vijana wengi, ila kule sijakaa sana nisije nikakudanganya.

Na tafuta mtu mmoja akusomee kabla hujaweka. Mmoja tu, asiwe mpenzi wako. Wangu ni dada mmoja wa Mombasa ambaye hatujaonana. Ile ya Saada aliirudisha na sentensi moja: "Mkate wa wishwa harufu yake ikoje?" Sikuwa najua. Nikampigia bibi, tukaongea saa nzima, mkate tukauacha njiani tukaingia habari za njaa na za nani aliolewa na nani. Hadithi iliongezeka mistari minne tu, lakini maoni karibu yote niliyopata yanaitaja ile harufu.

Hayo maoni, mkuu, yalikuwa sita kwa mwaka mzima. Kiswahili kule bado tuko wachache. Ukiandika ile ya mwenye funguo za daktari, iweke hapa hapa chini kwanza, hata ukurasa mmoja, nitaisoma nikitoka kazini.