Kabla hujampa kipande cha ini mtu usiyemjua

Watu wakisikia nilitoa ini swali la kwanza ni moja tu, ndugu yako? Nikisema hapana, hata jina simjui, wananiangalia kama nimerogwa. Sasa wewe unaewaza kufanya hivo hivo, kaa hapa kidogo.

Kwenye vipimo nilidhani kitakachonisumbua ni sindano na zile skani zisizoisha, kumbe ni mwanasaikolojia. Aliniuliza, mpokeaji akifa wiki moja baada ya oparesheni, utakuwaje? Nikajibu fasta, sawa tu, nitakuwa nimeshafanya langu. Akaniambia nenda nyumbani kafikirie vizuri halafu urudi. Nilinuna kweli siku ile! Nilirudi baada ya wiki 3 na jibu lingine, kwamba nitalia sana ila sitajuta. Usijaze fomu kabla hujajijibu hilo swali, tena bila kujidanganya.

Kuhusu mwili, ni kweli ini linaota tena. Mimi walichukua upande wa kulia, kama asilimia 60, na miezi 3 mbele likawa limekaribia ukubwa wake wa zamani, umbo halirudi lile lile lakini kazi linapiga. (Mpokeaji akiwa mtoto mdogo wanachukua kipande kidogo tu cha kushoto.) Ila mfuko wa nyongo nao unatolewa na huo hauoti, na ini unatoa mara moja tu maishani. Hatari ipo jamani, nyongo inaweza kuvuja, damu kuganda, ngiri kwenye mshono, na kufa pia, kwa upande wa kulia huwa wanataja kama mtoaji 1 kati ya 500. Namba hiyo mwambie mwenza wako mapema, mimi wangu aliisikia mbele ya daktari na tulirudi nyumbani kimya.

Wiki mbili za kwanza lazima uwe na mtu wa kukuinua kitandani. Ukitaka kukohoa, kumbatia mto tumboni, utanishukuru. Kuhusu uchovu sikuambiwa vya kutosha, nilikuwa nikioga tu nalala masaa mawili, na vitu vizito usiguse kwa wiki kama 6 hata ukijiona umepona.

Barua niliandika, bila jina, inapitia hospitali. Mwaka wa pili huu hakuna jibu. Labda hajui aandike nini, labda hayupo tena, na hawaniambii na sina haki ya kudai. Kuna siku linaniuma, siku nyingi nasahau kabisa mpaka nivue shati.

Na ukisita, sema. Hata asubuhi ya oparesheni, ushavaa gauni la hospitali, unaruhusiwa kujitoa, na watakaouliza wanaambiwa tu kwamba kiafya haikufaa.