Mwanangu, Kuhusu Lile Swali Lako la Kwaya

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema tangu uanze kazi hii umeacha kwaya, umeacha kufundisha Shule ya Jumapili, na ibada za katikati ya wiki huzipati. Ukaniuliza: "Mama, sasa mimi ni Mkristo kwa lipi?"

Soma Luka sura ya 3. Watu walimwendea Yohana Mbatizaji kule Yordani wakamuuliza wafanye nini. Mwenye kanzu mbili aliambiwa ampe asiye nayo. Watoza ushuru wasitoze kupita kiwango walichoamriwa. Askari wasimdhulumu mtu wala kumsingizia, watosheke na mshahara wao. Hakuna aliyeambiwa aache kazi akakae naye jangwani. Kila mmoja alirudishwa palepale anaposhika pesa za watu au anapokuwa na nguvu juu yao, aanzie hapo. Sura hiyo niliisoma miaka mingi bila kuiona.

Ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka. Kuna fundi alitujengea ukuta wa uani. Jioni alipomaliza, mimi nilikuwa natoka mbio kwenda kwenye maombi, Biblia kwapani. Nikamwambia, "Njoo kesho tumalizane." Pesa nilikuwa nayo, ndani ya mkoba huohuo. Na kwenye maombi nikasimama kushuhudia jinsi Mungu anavyotimiza ahadi zake. Niliporudi usiku nilimkuta amekaa kizingitini, mfuko wa vifaa katikati ya miguu, saruji imemkaukia vidoleni. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mama, nyumbani wananisubiri." Nilimhesabia pesa yake mikono ikitetemeka. Ukifungua Walawi 19:13 utakuta imeandikwa kwamba ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Kwenye Biblia yangu mstari huo nimeupigia wino mara mbili.

Sisemi kwaya ni bure. Ukipata nafasi, rudi. Ukiwa peke yako utachoka upesi. Lakini mkumbuke Dorkasi wa Yafa, yule mwanamke wa kwenye Matendo ya Mitume. Alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Nikiisoma habari hiyo huwa naziona zile nguo mikononi mwao, na ninajiuliza watu wangeshika nini changu.

Sasa lile jambo uliloliandika kwa mstari mmoja chini kabisa ya barua, kama vile halihusiani: kwamba mwenzako amelaumiwa mbele ya ofisi nzima kwa hesabu zilizoharibika, nawe unajua kosa lilianzia kwenye karatasi zako. Mwanangu, hilo ndilo jibu la swali lako. Najua unaogopa. Huenda ukapewa barua ya onyo, huenda wakubwa wakakutazama kwa jicho jingine kwa muda mrefu, wala siwezi kukuahidi kwamba Mungu atayazuia hayo. Ila yule kijana leo amelala na aibu ambayo si yake.

Kesho, kabla hujakaa kwenye kiti chako, nenda kwa msimamizi. Useme ukweli mwenzako akiwepo, na wale waliosikia akilaumiwa nao wasikie. Kisha mwombe radhi yeye mwenyewe, bila kuongeza "lakini". Saa mbili asubuhi nitakuwa nimepiga magoti kwa ajili yako. Ukitoka, nipigie, hata kama sauti haitoki vizuri.

Mimi mama yako,
nikupendaye sana