4294967297 ni namba tasa au siyo? Nilivyoipata

Mkuu uliyeuliza kama 4294967297 ni namba tasa na inaingia kundi gani, hii namba naijua maana nilishahangaika nayo usiku mzima. Siyo tasa. Ni 641 × 6700417, na hizo mbili zenyewe ndo tasa.

Mi nilianza kama ulivyoanza wewe, kalkuleta mkononi, nagawanya kwa 3, kwa 7, kwa 11, kwa 13, naenda tu, ila kipeuo chake cha pili ni kama 65536 na chini ya hapo kuna namba tasa 6542, sasa utamaliza lini? Nikaacha kugawanya, nikaanza kuiangalia imekaaje. Kumbe ni 2^32 + 1! Yaani ni ya ukoo wa Fermat, yule mwanahisabati Mfaransa: unachukua 2 kwa kipeo 1, 2, 4, 8, 16, unaongeza 1, unapata 3, 5, 17, 257, 65537, hizo zote tasa, na Fermat mwenyewe aliamini ukoo mzima uko hivyo. Hii yako ndo inayofuata, na ndo iliyomwangusha, maana mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaonyesha inagawanyika kwa 641.

Utamu wenyewe uko hapa: Euler alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibaki 1. Kwa hiyo 3, 7, 11 zote nilizopoteza nazo muda hazikuwa na nafasi kabisa. Unajaribu 193, 257, 449, 577, halafu 641, basi umefika. Baadaye mwanahisabati Lucas akabana zaidi, siyo 64 bali 128, zinabaki 257 na 641 tu. Nilipoona kalkuleta imeleta 6700417 bila desimali nilirudia mara tatu nzima, nilifurahi sana aisee. Na 6700417 unaihakiki kwa njia hiyohiyo, kipeuo chake ni kama 2588 so za kujaribu ni chache.

Makundi sasa: ni witiri, ina vigawo vinne tu, ukiiacha yenyewe jumla ya vile vitatu vingine ni 6701059, ndogo mno kwake, kwa hiyo ni namba pungufu. Pia ni jumla ya vipeo vya pili kwa njia mbili, 65536² + 1² na 62264² + 20449², na namba tasa haiwezi kuwa na njia mbili, kwa hiyo hata hapo peke yake ungejua siyo tasa.

Ila usiache kuangalia jirani yake, 4294967295. Hiyo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65537, zile tasa tano za Fermat zote kwa pamoja, na kwa kanuni ya mwanahisabati Gauss, umbo lenye pande sawa na pembe sawa, pande zikiwa idadi hiyo, linachoreka kwa rula na bikari, maana idadi ya pande ikiwa witiri lazima iwe tasa za Fermat tofauti zilizozidishwa. La pande 4294967297 halichoreki, 641 imeliharibia maana siyo tasa ya Fermat.