Kinga Chungu Kabla ya Majani

Mhariri aliuliza wiki hii ni vipi mimea ya vyungu inaweza kunusurika katika majira ya baridi kali. Najibu nikiwa Berlin, ambako wengi wetu tunaopanda michaichai na miasmini kwenye roshani huyafunika majani kwa bidii, huku mizizi ikiachwa bila kinga.

Mmea ulio ardhini huhifadhiwa na udongo mwingi unaopoa polepole, lakini ulio chunguni hupigwa na baridi kutoka kila upande, hata kwa chini, na mizizi ya mimea mingi haistahimili kuganda kama shina linavyostahimili. Kwa hiyo chungu chenyewe ndicho cha kufungwa kwanza: kizungushiwe magunia, kiinuliwe juu ya ubao kisigusane na sakafu ya saruji, kisha kisogezwe ukutani pamoja na vingine, vidogo vikikaa katikati. Visahani viondolewe, kwa kuwa maji yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na chungu cha udongo kilicholowa hupasuka.

Mimea isiyopukutisha majani aghalabu hufa kwa kiu kuliko kwa baridi, maana jua la Februari huyakausha majani ilhali mizizi haiwezi kufyonza maji yaliyoganda. Udongo unapoyeyuka, lavenda iliyo nje imwagiliwe kidogo.

Mrehani, mwasmini na mlimau ziingizwe ndani, na zile mbili za kwanza zisisubiri usiku ushuke chini ya nyuzi 10. Hapo natofautiana na wanaosifu sebule yenye joto. Mchana wa Desemba hapa haufikishi saa 8 za mwanga, na joto la hita pasipo mwanga humfanya mlimau achipue vitawi dhaifu vinavyoshambuliwa na utitiri. Afadhali ngazi za jengo zenye dirisha kubwa na nyuzi 5 hadi 10 (majirani wakiridhia, bila shaka), ambako mti hupumzika na kuhitaji maji machache. Mwasmini na mrehani hazipendi ubaridi huo. Hizo zikae kwenye dirisha lenye mwanga mwingi kuliko yote. Mchaichai ukatwe, ubakizwe kiasi cha shibiri.

Kuitoa nje kusiharakishwe. Wakulima wa bustani wa Kijerumani hungoja zipite siku za Watakatifu wa Barafu, yaani siku za katikati ya Mei ambazo kimapokeo huhesabiwa kuwa za mwisho kuleta baridi ya kugandisha, zinazokwisha tarehe 15 Mei, na hata baada ya hapo mimea huanzia kivulini, kwani majani yaliyoota ndani huunguzwa na jua.