Shangazi, mke wangu amekataa kutoa hela ya kikoba tununue injini

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Kimara, Dar es Salaam, ndoa yangu ina miaka 11. Mwezi Septemba nilikuwa natoka Morogoro kikazi, siku ya Jumapili, nikiwa peke yangu. Maeneo ya Mikese gari likachemka kidogo. Nikaongeza maji ya chupa, nikaendelea. Kabla sijafika Chalinze ikawaka taa nyekundu, injini ikaanza kugonga, ghafla ikazima na haijawaka tena mpaka leo. Gari ni la mwaka 2007, nililiagiza Japani mwaka 2019. Fundi anasema injini imenoki, ifungwe nyingine ya mtumba, jumla na ufundi milioni 4 na laki 6. Walioniuzia wananijibu kuwa gari halina waranti, na watu wa bima wamenizungusha tu. Mpaka sasa nimetumia: brekidauni 350,000, fundi kufungua 80,000, chakula njiani 32,000, nauli ya mwenzangu kurudi mjini 15,000.*

*Mke wangu ana milioni 3 za hisa kwenye kikoba chao. Nimemwomba akope kwa hisa hizo, amekataa katakata, anasema kikoba kinavunjwa Desemba na hela ni ya kuezeka nyumba yetu ya Kibaha. Toka mwezi Machi alikuwa akinung'unika eti gari linakunywa maji kuliko watoto, kwa hiyo naona kama anafurahia. Na oili nilibadilisha mwaka jana tu. Sasa ananiambia nipande mwendokasi kama yeye. Gari ni la familia, Shangazi. Nifanye nini ili aelewe? N.B. Fundi anasema kwa nyongeza kidogo anaweza kunifungia injini kubwa zaidi ya ile ya mwanzo. Unashauri?*

*Baba wa watatu, Kimara*

Marahaba mwanangu, na pole. Kukaa kando ya barabara kuu jua likiwaka, malori ya mizigo yanakupita yakikupulizia vumbi, si jambo la kumwombea mtu. Pole yenyewe ndiyo hiyo, sasa tuzungumze.

Injini haifi ghafla. Yako ilianza kufa mwezi Machi, na aliyeiona ikifa ni mkeo. Maji ya rejeta yamo kwenye mfumo uliofungwa, hayapungui ovyo. Ukiona kila wiki unajaza na chini ya gari hakuna hata tone, ujue yanapotelea ndani, na mara nyingi mlango wake ni gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kifuniko chake cha juu. Hapo yanaungua na kutoka moshi mweupe kwenye ekzozi, au yanachanganyika na oili, ukifungua mfuniko unakuta utando wa rangi ya chai ya maziwa. Wakati ule ungebadilisha gasketi, hedi ikapelekwa mashine kusawazishwa, ukamalizana na fundi kwa sehemu ndogo tu ya hiyo milioni 4 na laki 6. Mama watoto, ambaye kwa barua yako hata usukani haushiki, alishasema gari linakunywa maji kuliko watoto. Wewe ukaona ni kelele. Leo unaniandikia kwamba "anafurahia". Hafurahii huyo, amechoka.

Hapo Mikese "likachemka kidogo". Kidogo kivipi? Hedi ya alumini ikipata joto kupita kiasi inajikunja. Na usidanganywe na mshale wa joto kurudi chini baada ya muda, maana maji yakiisha kabisa kihisio hakina cha kupima. Halafu oili ikipata moto mkali inakuwa nyepesi, utando wake kwenye beringi za kranki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, unakatika, chuma kinasugua chuma. Ndiyo hiyo sauti ya kugonga uliyoisikia. Ile taa nyekundu yenye umbo la birika haiwaki kukukumbusha sevisi. Inakwambia presha ya oili imeshuka, weka gari pembeni, zima sasa hivi. Wewe ulikuwa unawahi wapi, Jumapili, mpaka ukaona afadhali injini ife kuliko kusimama?

Na hapo ndipo niliposoma tena ile orodha yako ya matumizi. Mwanzo wa barua uko peke yako. Ukifika kwenye hesabu, kuna nauli ya "mwenzangu" kurudi mjini, shilingi 15,000, na chakula cha njiani cha 32,000, ambacho kwa mtu mmoja ni njaa ya kutisha. Mwenzako huyo katokea wapi, kashuka mbinguni pale Chalinze? Sisemi ni nani. Huenda ni mhasibu mwenzako mwenye kitambi na ndevu. Ila kama ni yeye, mbona umemficha? Na kazi gani hiyo ya Jumapili Morogoro, ambako tangu Juni 2024 treni ya umeme inakwenda na kurudi, ofisi ikakuacha ulipie mafuta na brekidauni mfukoni mwako? Njia ya mwongo fupi, mwanangu. Mimi nimesoma barua yako moja tu nikaona, mkeo anaisoma sura yako kila siku kwa miaka 11. Wala sidhani kama ugomvi wenu ni wa injini.

Kuhusu waranti, usiwasumbue wauzaji. Kampuni nyingi za Japani hutoa dhamana ya miaka 3 au kilomita 60,000 kwa gari zima, na miaka 5 au kilomita 100,000 kwa vitu vikubwa kama injini na gia boksi. Gari la mwaka 2007 dhamana yake ilikwisha mwaka 2012 kama si kabla, na wewe ukalinunua miaka saba baadaye. Cheti cha ukaguzi ulichopewa kilisema gari linafaa kutembea siku ile lilipokaguliwa, basi. Bima nayo, hata kama una bima kubwa, inalipa ajali, moto na wizi, hailipi injini iliyoungua kwa kukosa maji. Mtu ukinunua mtumba, waranti ni wewe mwenyewe na kidumu chako cha oili. Unasema ulibadilisha mwaka jana tu, kana kwamba injini inahesabu miezi. Oili ya kawaida wengi wetu tunabadilisha kila kilomita 5,000. Wewe umetaja mwaka, kilomita hukutaja, na nadhani huzijui.

Sasa twende kwenye hilo la "gari ni la familia". Umeandika mwenyewe kwamba mkeo anapanda mwendokasi. Kwa hiyo tangu mwaka 2019 kuna gari nyumbani kwako Kimara, na mama wa watoto wako watatu anaamka alfajiri kugombania mlango wa basi, amebanwa ubavu mpaka mjini, wewe umepanda peke yako na kiyoyozi. Familia ilikuwa wapi? Likitembea ni lako, likifa ni letu. Wahenga walishalisema hili: mchuma janga hula na wa kwao. Sema tu wahenga hawakusema kwamba wa kwao wakope ili wale.

Maana huombi akiba yake tu, unamwomba akope. Kikoba unakijua kinavyokwenda? Mtu ananunua hisa kila wiki, na akitaka mkopo, vikundi vingi vinampa mpaka mara tatu ya hisa zake, lakini kwa wadhamini, wanawake wenzake wa hapo hapo mtaani. Akishindwa kurejesha, hawaji kukugongea wewe. Wanamgongea yeye, wanabeba friji na masufuria mchana kweupe, na Desemba wenzake wakigawana yeye anakaa pembeni anaangalia. Hilo ndilo unalomtakia ili wewe urudi barabarani.

Usiniambie mali ya mke ni mali ya mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 58, inasema ndoa yenyewe haibadilishi umiliki wa mali ya mume wala ya mke. Hela ya kikoba ni yake. Na kifungu cha 63 kinamtaja mume kuwa ndiye mwenye wajibu wa kumpa mkewe makazi, nguo na chakula. Makazi, umesikia? Yeye anaezeka Kibaha kwa hela yake, kazi yako anaifanya yeye, halafu unasema anafurahia.

Ndoa za siku hizi zimenishinda. Zamani watu walioana wakaanza na kitanda na sufuria tatu, gari lilikuja watoto wakiwa sekondari, na likija linajulikana mtaa mzima limetoka kwenye jasho gani. Siku hizi gari linatangulia kiwanja. Mtu anaishi chumba na sebule cha kupanga, kodi ya miezi sita inamtoa jasho, lakini nje kuna gari la kuazimia heshima. Na ninyi wanawake mnaosoma hapa msicheke, najua mnavyofanya. Mnamwambia mwanamume "mwenzako fulani ana gari", mnaona haya kushuka kwenye bajaji mbele ya ukumbi wa kitchen party, mnamsukuma mpaka anachukua mkopo kazini, kisha sevisi ikifika mnasema hayo ni mambo ya wanaume. Gari linataka matairi, linataka betri, linataka bushi. Asiyeweza kulilisha asilifuge, na hilo nawaambia wote, mke na mume.

Tufanye hesabu. Kabla hujatoa shilingi nyingine, mwite fundi wa pili ambaye hamjui yule wa kwanza. Afungue sampo, lile karai la oili chini ya injini, akuonyeshe hizo beringi kwa macho yako. Kama kranki imeliwa kweli, hapo hakuna ubishi. Kisha nenda kwa dalali umuulize gari kama lako, la mwaka huo, likiwa zima linauzwaje. Gharama yote ya injini ikikaribia nusu ya bei hiyo, na matairi na bushi bado vinakusubiri, liuze kama lilivyo. Wapo wanunuzi wa magari yaliyokufa, wanachukua milango, taa, viti na gia boksi. Watakupa kidogo, utaumia, utapoa. La kuvunda halina ubani.

Ukishikilia kutengeneza, basi tengeneza kwa hela yako na kwa akili. Injini ya mtumba usiinunue kwa kuiangalia rangi. Ukienda Ilala, ipimwe kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo wa silinda, mbele yako, garantii iandikwe kwenye karatasi, upewe risiti ya EFD na karatasi za kuingizwa nchini zenye namba ya injini, maana kadi yako ya gari ina namba ya ile ya zamani na lazima TRA warekebishe. Usipofanya hivyo, siku ya kuliuza utahangaika. Kabla haijafungwa, badilisha pampu ya maji na mkanda wakati injini iko nje. Halafu muulize fundi swali ambalo naona bado hujamuuliza: ile ya kwanza ilichemka kwa nini? Kama ni gasketi tu, sawa, imeondoka na injini yake. Kama ni rejeta iliyoziba, au feni, au kuna mtu aliing'oa themostati, ile inayoongoza maji ya kupooza injini, akisema nchi yetu ina joto haihitajiki, hiyo mpya nayo utaipika kabla ya Pasaka.

Na usithubutu kwenda kwa wale wa mikopo ya kausha damu. Najua mke akikataa wanaume ndiko mnakokimbilia, kadi ya gari mkononi. Unaweka rehani gari lisilowaka, riba inapanda kila wiki, mwishoni gari linachukuliwa na deni linabaki.

Ulichoniuliza ni ufanye nini ili mkeo aelewe. Mkeo ameelewa kila kitu, na kwa maoni yangu ameelewa zaidi ya unavyodhani. Leo jioni watoto wakilala, kaa naye, usiitaje injini kabisa. Mwambie Machi alisema kweli. Mwambie yule wa nauli ya 15,000 ni nani, kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Kama ni mhasibu mwenye kitambi, mpigie simu mbele yake. Kama siye, basi hapo una kazi kubwa kuliko ya fundi wako, na hela ya Kibaha usiiguse hata kwa mawazo. Kuanzia kesho panda hilo basi la mwendokasi, kutoka Kimara lipo tangu Mei 2016 na wewe unalijua kwa kulipita tu. Mshikie mkeo mkoba kwenye foleni.

Kuhusu N.B. yako, ya injini kubwa zaidi: hapana. Injini kubwa inataka gia boksi yake, nyaya zake na kompyuta yake, inataka mafuta mengi zaidi kila siku, na ukubwa wake nao umeandikwa kwenye kadi. Hiyo ndogo umeshindwa kuiwekea maji. Mwambie fundi asante.